Mdharau Mwiba

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Juzi mdogo wangu alikanyaga msumari. Kulipopambazuka unyayo ulikuwa umevimba, una joto, hata kuukanyagia hawezi. Nyanya akasema ni jicho la watu.

“Nyanya, hii si uchawi, ni vita,” nikamwambia.

Naam, wasomaji wenzangu, seli zikijeruhiwa hutoa kemikali za kupiga mbiu. Mishipa midogo ya damu hupanuka, majimaji hupenya nje, na seli nyeupe humiminika kuvimeza viini. Ndiyo maana tunavimba. Mwaka 1882 kule Messina, Italia, Élie Metchnikoff alimdunga mwiba kiluwiluwi wa kiti cha pwani, akaona seli zikiuzingira mwiba ule. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Lakini askari hao hawaiwezi sumu ya pepopunda wasipofunzwa mapema kwa chanjo. Kwa hivyo Mama alimkimbiza mtoto zahanati, jeraha likaoshwa, akadungwa sindano. Sasa anatembea, na Nyanya ndiye anayewauliza majirani: “Huyu wenu amechanjwa?”