Walio Nyuma ya Pazia: Siku Moja Kaole na Bagamoyo

Na Mwandishi Wetu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya pwani, akiisha kuzipita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, huingia Bagamoyo baada ya kilomita 70 hivi. Akitaka kwenda Kaole hana budi kugeuka na kurudi kusini kilomita tano, safari hii kwa bajaji au pikipiki, katikati ya minazi na mihogo. Nilifika huko Jumamosi moja asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, na kitu cha kwanza kilichonilaki hakikuwa bahari bali mikoko. Bahari ipo, tena si mbali, ila imejificha nyuma ya msitu huo kama bibi harusi nyuma ya pazia.

Mikoko hiyo na tope lake ndivyo vilivyoimaliza Kaole. Msikiti wake mkongwe unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimbua mji huu mwaka 1958. Bandari ilipojaa tope, biashara ilihamia Bagamoyo, ingawa mwaka 1857, Burton na Speke walipopita wakielekea kwenye maziwa makuu, hapa palikuwa bado na askari wa Sultani wa Zanzibar. Leo yamebaki magofu ya misikiti miwili, makaburi 22, na mbuyu ambao wenyeji husema ukiuzunguka unajiongezea umri. Niliuzunguka mara moja tu, kwa staha.

Sikuwa nimekuja kwa ajili ya magofu, lakini mzee aliyenitembeza alinifunulia jambo ambalo nilikuwa nikilitafuta bila kulijua. Baada ya shikamoo na marahaba alinipeleka kwenye kibla, akanionyesha tao lake la mawe ya matumbawe, kisha badala ya kunisimulia habari za masharifu waliozikwa pale akanishika mkono hadi kisimani.

"Mwanangu," alisema, "wageni wote hupiga picha kibla, wakaenda zao. Lakini fikiri. Watu mia wanakuja kusali kwa wakati mmoja. Watatawadha wapi? Wataingilia wapi, na viatu vyao wataviweka wapi? Aliyejenga hapa alianza na kisima. Yeye huyo ndiye aliyejua kazi."

Ama kwa hakika yule mzee alikuwa akieleza, pasipo kukusudia, kazi ambayo siku hizi huitwa uendeshaji wa kumbi. Na kazi hiyo ndiyo iliyonileta pwani: nilitaka kujua vijana wetu wanaifundishwa wapi, na wakishaijua wanafika nayo wapi.

Haikunibidi kwenda mbali. Kijijini palikuwa na harusi jioni ile, na chini ya mwembe vijana sita walikuwa wakishusha viti vya plastiki na maturubai kutoka kwenye lori. Mmoja wao, umri wake miaka 22, aliniambia amebeba viti kwa mwaka wa tatu sasa. Hulipwa kwa siku. Siku isiyo na shughuli haina malipo, na mwezi wa Ramadhani hakuna harusi. Nilimwuliza angependa kazi gani. Akaelekeza kidole kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, ambayo wao huiita mikisa, iliyokuwa imefunikwa kanga.

"Ile. Lakini mwenye vyombo haniruhusu hata kuifuta vumbi. Anasema nikiiharibu nitailipa mpaka nizeeke."

Sikumlaumu mwenye vyombo, kwani mtaji wake wote uko chini ya kanga ile. Hata hivyo nilikumbuka ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, ambao sitautaja, ambamo ndugu yangu alifunga ndoa. Wapishi walichomeka birika kubwa la umeme katika waya uleule uliokuwa ukilisha spika. Baba mkwe alipoinuka kutoa nasaha zake, ukumbi mzima ukazimika, na vijana wote waliokuwapo wakakimbilia swichi kwa pamoja gizani, wakikanyagana. Hapakuwa na hata mmoja aliyejua ni nani mwenye jukumu. Ukumbi ule ulikuwa na vigae vizuri sana.

Saa sita nilirudi Bagamoyo mjini, moja kwa moja hadi Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo wakazi wengi wangali wakiiita Chuo cha Sanaa. Chuo hiki kilianza mwaka 1981, kikirithi walimu kutoka vikundi vya Taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Mwaka 2007 kikawa wakala wa Serikali na kupata jina lake la sasa. Hapa ndipo alipofundisha marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, aliyefariki mwaka 2003. Tamasha lake la kila mwaka, lililoanza mwaka 1982, huijaza Bagamoyo wageni kutoka kila upande.

Mwaka 2002 ukumbi mkubwa wa chuo hiki uliteketea kwa moto. Huo ulikuwa msiba kwa watu wa sanaa nchini kote. Baadaye ulijengwa ukumbi mwingine, ndio ule utazamao bahari leo. Lakini tamasha halikufa katika kipindi kile cha majivu, na sababu si ngumu kuiona: jukwaa laweza kusimikwa uwanjani ikiwa wapo wanaojua kulisimika.

Wanafunzi wa ngoma, muziki na maigizo wanafahamika, kwa kuwa tunawapigia makofi. Wanaojifunza ufundi wa jukwaa hawafahamiki. Niliwatazama wakati wa mazoezi. Msichana mmoja alikuwa juu ya ngazi ndefu, amejifunga mkanda kiunoni, akigeuza taa kidogo kidogo huku mwenzake aliye chini akitembea jukwaani akiwa amesimama badala ya mchezaji. "Rudi nyuma hatua moja. Uso wako umeingia kivulini." Wakalirudia hilo mahali pamoja kwa muda ambao mimi nisingeuvumilia.

Mwalimu wao alinieleza mambo ambayo, nakiri, katika miaka yangu ya kuandika habari za maonyesho sikuwahi kuyafikiri. Zeze lina sauti nyembamba. Kipaza sauti kikiwekwa kama kinavyowekwa mbele ya gitaa, zeze litapotea na mluzi utabaki. Ngoma za pwani hukazwa ngozi kwa kuotwa moto, kwa hiyo anayeandaa mahali pa onyesho lazima ajue mapema wapigaji wataotea wapi moto wao, mbali na paa na nyaya, lakini si mbali kiasi cha ngozi kupoa kabla ya kufika jukwaani. Watazamaji wakiwa wengi milango yote ifunguke kwa kusukuma kwenda nje. Jenereta lisiwekwe upande ambao upepo wa bahari utaleta moshi kwa wageni. Hayo yote yana mwenyewe, na mwenyewe hatajwi kwenye tangazo la onyesho.

Jina la Kaole lenyewe ni ushahidi. Kwa Watanzania wengi waliotazama runinga mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kaole ni kikundi cha maigizo, kile alimopitia marehemu Steven Kanumba, kabla ya kuwa kijiji chenye magofu. Waigizaji wale tunawakumbuka hadi majina yao ya mchezoni. Aliyeshika taa hatumjui.

Je, kazi hii ina ngazi ya kupanda? Nadhani ipo, ila vidato vyake viko mbalimbali. Majengo ya Arusha yaliyokusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaligeuzwa kituo cha mikutano cha kimataifa mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ile kuvunjika, na baadaye ndani yake ikaketi mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda mpaka mwaka 2015. Dar es Salaam kikafunguliwa kituo chenye jina la Mwalimu Nyerere mwaka 2013. Zanzibar, Ngome Kongwe huwasha taa zake kila mwaka kwa ajili ya Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004. Kote huko wanahitajika mafundi sauti, wasimamizi wa milango, wakalimani, wapishi, na meneja wa kuwaunganisha wote.

Ugumu uko kwenye kidato cha kwanza. Kozi ndefu za chuoni hudai cheti cha kidato cha nne na karo, navyo kijana yule wa viti hana. VETA ina utaratibu wa kuwapima watu waliojifunza kazi mitaani, kama waashi, maseremala na wapishi, na kuwapa vyeti bila kuwarudisha darasani miaka miwili. Mwenye kujua nyaya na spika angefaa kupimwa vivyo hivyo. Wenye kumbi nao, kwa maoni yangu, wangeanza na jambo dogo: kila shughuli iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye msimamizi wa umeme, na pembeni yake awepo mwanagenzi wa kuangalia na kuuliza. Wengi hawatafanya hivyo. Mwanagenzi hula chakula cha shughuli, nao huhesabu sahani.

Magharibi ilinikuta Kaole tena. Mama wa bibi harusi, ambaye hakunijua wala hakuniuliza, alinisukumia sinia la pilau na kuniambia, "Karibu baba, kula, usione haya." Taa zilikuwa zimetundikwa mwembeni na taarabu ikilia kwa nguvu, pengine kupita kiasi, hata kina mama wa mstari wa mbele wakawa wanajiziba masikio kwa ncha za mitandio. Mwenye vyombo alikuwa ameitwa kula. Kijana wa viti alisimama karibu na mikisa, mikono nyuma, akitazama huku na huko. Kisha akanyosha kidole kimoja, akashusha kitasa kimoja kidogo sana, na sauti ya mwimbaji ikatoka ndani ya kelele, nyororo, kila neno likisikika. Kina mama wakashusha mitandio.

Mwenye vyombo aliinua uso kutoka kwenye sinia. Alimtazama kijana kwa muda, tonge mkononi. Halafu akaendelea kula.