Jumamosi Yako ya Kujiachia

Tanga, Jumatano

Mpendwa Zuhura,

 

Uliponiuliza kwenye simu kama Jumamosi yako ya kujiachia ina madhara nilikuwa sokoni, sikukujibu vizuri. Mimi Jumamosi hainipi shida sana. Zinanipa shida hizo siku sita nyingine. Asubuhi chai kavu, mchana tango na yai moja, usiku maji ya ndimu: mtu anayesimama dukani kutwa ataishije hapo? Mwili ukinyimwa hivyo huanza kula na misuli yake. Ikifika Jumamosi unakula kama mtu anayelipiza kisasi.

Umewahi kusimama jirani na kikaango cha hizo chipsi mayai zako za Jumamosi? Viazi vimeshazama kwenye mafuta mara ya kwanza. Vinamwagwa kikaangoni, mafuta yanaongezwa, mayai mawili juu yake, vinafunikwa kwa sahani, vinageuzwa, na upande wa pili nao unapewa mafuta yake. Kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta kina kalori kama 120. Soda unayoshushia, ile ya mililita 350, ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani lingependa mtu asivuke vijiko kama sita kwa siku nzima. Wewe unakunywa mbili, ndipo inakuja keki.

Sikatai, Jumamosi moja haiwezi kufuta njaa yote ya wiki. Na zile kilo zinazokuliza Jumapili, sehemu kubwa ni maji, maana wanga na chumvi huyashika mwilini. Siku chache yanatoka. Tatizo wewe husubiri. Unajiadhibu kwa kufunga tena, na njaa inaanza upya.

Kula, mwanangu. Ugali wa dona, dagaa au maharage, mchicha tele. Ukitamani chipsi Jumanne, zile Jumanne hiyohiyo, nusu sahani na kachumbari, unywe maji. Pilau la harusi ya binamu yako ni la kuliwa. Usije ukatutolea tango kwenye mkeka wa watu! Ila ukiona unakula kwa kujificha, mpaka tumbo linauma na huwezi kuacha, hilo kamwambie daktari, wala usione haya.

Wifi yangu usimwingize kwenye Jumamosi zako. Mama yako ana sukari, na dawa zake hazijui leo ni siku gani. Nasikia juzi ulimnunulia soda "kidogo tu". Komesha.

Mizani nayo iweke kabatini. Ipande mara moja kwa wiki, Ijumaa asubuhi kabla ya chai, basi.

Shangazi yako