Nguo ya Kuazima

Msomaji mpenzi, najua ulikuwa ukikimbilia ukurasa wa vitendawili na ule wa vichekesho. Tulia kwanza. Nakuomba unitegee sikio nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la wabunge na maprofesa pekee, nalo ni haja ya serikali kuwa na kituo, kinachotegemezwa na fedha za umma, cha kukuza uvumbuzi katika sayansi ya viumbe hai. Usigune! Kabla hujafika mwisho utaona kuwa jambo hili limekugusa mkononi kwa sindano, na pengine limekugusa hata kwenye suruali.

Kwangu mimi hili si suala la nadharia. Naipenda biolojia, na ndoto yangu ni kuwa mtafiti. Lakini kila nitamkapo neno hilo nyumbani, swali linalonijia ni moja tu: "Utaandikwa kazi wapi?" Shangazi yangu, ambaye hafichi lililo moyoni, aliniambia waziwazi, "Mwanangu, somea udaktari au ualimu. Hivyo vidudu vyako vya kwenye darubini vitakulisha kweli?" Sikumjibu, maana mkubwa hajibizwi ovyo. Hata hivyo, swali lake si la kubezwa. Mwanasayansi asiye na maabara ni sawa na nahodha asiye na chombo. Ndipo nikaanza kulisaka jibu maktabani, na jibu la kwanza nikalikuta karibu sana, Muguga, katika kaunti ya Kiambu.

Wazee wa jamii za wafugaji wanalijua neno sotoka. Ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe uliosababishwa na virusi, na katika miaka ya 1890 ulilifagia bara letu. Mizoga ilitapakaa malishoni, na watu nao wakafa njaa, kwa kuwa ng'ombe ndiye aliyekuwa maziwa yao, mahari yao na akiba yao. Sasa sikiliza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kituo cha umma cha utafiti wa mifugo kilichohudumia Afrika Mashariki nzima pale Muguga, Walter Plowright na wenzake walivikuza virusi hivyo katika seli za figo za ndama. Walivihamisha kutoka chupa moja hadi nyingine, tena na tena, mpaka vikapoteza makali ya kuua ilhali bado viliufunza mwili kujikinga. Hiyo ndiyo ikawa chanjo. Kisa cha mwisho cha sotoka kilithibitishwa mwaka 2001 kwa nyati katika Mbuga ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa ugonjwa huo umekwisha. Baada ya ndui, sotoka ni ugonjwa wa pili ambao binadamu ameweza kuufuta kabisa.

Hebu piga hesabu. Tangu chanjo ile ivumbuliwe hadi ushindi utangazwe ni kama nusu karne. Ni mfanyabiashara gani angekaa miaka yote hiyo akingoja faida kutoka kwa mfugaji asiye na shilingi mfukoni? La hasha, hayupo! Mfuko wa umma ndio wenye subira ya namna hiyo. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kusema kwamba kazi hii haiwezi kuachiwa soko peke yake.

Sababu ya pili iko kwenye suruali niliyoitaja. Unazijua zile jinzi zilizofifishwa rangi kwa makusudi, ambazo vijana tunazivaa wakati wa likizo tukijiona tumefika? Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kwenye maji makali yanayochoma ngozi, huishi bakteria wadogo wasioonekana kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kigeni walikusanya sampuli zao. Vimeng'enya vilivyotokana na viumbe hao vikaishia kuuzwa na kampuni ya Genencor kwa ajili ya sabuni za kufulia na kulainisha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likajitokeza kudai sehemu ya faida. Lakini wee, ng'ombe alikuwa keshatoka zizini! Ziwa ni letu, bakteria ni wetu, ila hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ikaandikwa kwa jina la wengine. Kama tungekuwa na kituo chetu kinachojua kilichomo katika maziwa na misitu yetu, na chenye wanasheria wa kuandikisha hataza mapema, je, tungekuwa tunabisha hodi kwenye karamu iliyopikwa kwa unga wetu?

Sababu ya tatu ni ile ya sindano. Tarehe 3 Machi 2021 ndege ilitua Nairobi ikiwa na dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya korona zilizotengenezwa India. Tulishukuru. Muda haukupita, India yenyewe ikazidiwa na ugonjwa, ikazuia chanjo zisitoke nje, na wengi wa watu wetu wakabaki wakiingojea dozi ya pili. Siwalaumu Wahindi. Nani huuza maji nyumba yake ikiungua? Lakini hapo ndipo nilipouelewa usemi wa wahenga kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwenyewe akiihitaji huivua, nawe ukabaki ulivyo mbele za watu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba akili hatukukosa. Taasisi ya KEMRI iliundwa mwaka 1979. Watafiti wa Kilifi, Kombewa na Siaya walishiriki katika kuijaribu chanjo ya kwanza ya malaria, nayo ikaanza kutolewa Homa Bay mwezi Septemba 2019. Watoto waliojitolea kudungwa ni wetu, na wanasayansi waliohesabu matokeo walikuwa wetu pia. Kiwanda je? Kilikuwa ng'ambo. Tuna ukingo huu wa mto na tunauona ule wa pili, ila daraja hatuna.

Tulipolijadili suala hili katika chama chetu, mwenzangu mmoja alisimama akaniuliza, "Wewe, zahanati hazina hata pamba, halafu unataka mamilioni yamwagwe kwenye maabara?" Ukumbi ulimshangilia. Hoja yake ina uzito, na sitaki pamba ya mgonjwa ichukuliwe. Lakini nchi inayonunua kila kitu haiachi kununua. Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki nyingi hapa nchini zilitikisika. Na tazama Cuba, nchi iliyozoea kutegemea miwa kama wakulima wetu wa magharibi. Serikali yake ilifungua kituo cha teknolojia ya viumbe mjini Havana mwaka 1986. Mwaka 2021 Wacuba walidungwa chanjo iitwayo Abdala, iliyobuniwa katika kituo hicho hicho. Walianza mapema tu, wala hawakuchoka.

Mwingine alisema, "Serikali ikianzisha kitu, wenye matumbo watakila." Hofu hiyo ninayo hata mimi. Ila kuna hatari nyingine ninayoiogopa zaidi ya wizi, nayo ni siasa kuutangulia ukweli. Mwaka 1990 dawa iliyoitwa Kemron ilitangazwa hapa kwetu kwa vifijo kuwa imepatikana kutibu UKIMWI. Wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa waliikimbilia. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kuwa inawasaidia. Fikiria machozi ya familia zilizouza mali kwa ajili ya tumaini hilo! Sayansi haipigiwi makofi kabla ya kupimwa.

Kwa hivyo sitaki jengo la vioo lenye kibao kikubwa na maabara zisizo na umeme. Mwaka 2021 serikali iliunda Taasisi ya Kenya BioVax ili chanjo za binadamu zitengenezwe humu nchini, na mwaka huo huo viongozi wa Afrika wakaweka lengo kwamba ifikapo 2040 bara lijitengenezee asilimia 60 ya chanjo zake. Hatua hizo nazipongeza kwa mikono miwili. Ninachoomba ni zisiachwe zikaoza. Fedha zake zitengwe kwa miaka mingi, zisikatwe kila bajeti inapobana. Watafiti wawe huru kusema "bado" hata waziri akitaka kusikia "tayari". Na kituo kisiishie kuandika ripoti. Kimshike mkono mtafiti wa Maseno au Egerton mwenye wazo zuri, kimtafutie hataza, kiwanda na soko, hadi wazo lake limfikie mama aliye na mtoto mgonjwa na mkulima aliye na ng'ombe mmoja.

Shangazi, popote ulipo, hilo ndilo jibu langu. Vidudu vya kwenye darubini vimewahi kuwalisha watu, tena wengi, wakavalisha na kuponya. Tatizo ni nani aliyeshika sufuria.

Nanyi wenzangu, hasa mnaoikimbia biolojia kwa kuogopa kuchora figo, msiiache. Kituo hata kikiwa na fedha zote za hazina hakitafaa kitu bila watu wa kukifanyia kazi, na watu hao wako darasani hivi sasa, wengine wakisinzia dawati la nyuma. Kujishonea nguo huchukua muda. Uzi hukatika, sindano huchoma vidole, na ya kwanza pengine itatoka imepinda mabega. Haidhuru, bora hakuna atakayekuja kuidai.