Geji Niliyoisingizia

Kijana aliyeniuzia geji pale Migori hakunipunja. Niliwaambia watu kwamba alinipunja, nikamwambia yeye mwenyewe mbele ya wateja wake, nikatoka dukani na geji ya pili bila kulipa hata shilingi. Hilo ndilo ninalokuja kuungama, ingawa mambo yalianzia kwenye swali dogo: joto la gari langu nilipime kwa mrija au kwa waya?

Gari ni Hilux kuukuu ya dizeli, injini aina ya 2L, cc 2,446. Mafundi wanaijua sifa yake: inavuta mzigo, inavumilia barabara, ila ikichemka kupita kiasi silinda hedi hupasuka kati ya valvu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Shule zikifungwa gari hubeba samaki kutoka Homa Bay, hupanda Rodi Kopany hadi Rongo, kisha hushika barabara kuu ya Awendo na Migori, ambako matrekta ya miwa hukulazimisha utambae kwa gia ndogo jua likiwa utosini. Geji ya kiwandani haifai kwa kazi hiyo. Katika magari mengi sindano yake imetengenezwa ikae katikati, maji yawe nyuzi 80 au yakaribie 100, ili dereva asihangaike. Ikianza kupanda, ujue umechelewa.

Fundi wangu, mzee aliyeanza kushika spana kabla sijazaliwa, alinishauri nichukue ya mrija. Hiyo ina tungi dogo la chuma linalozamishwa kwenye maji ya injini, na ndani yake mna kimiminika kinachogeuka mvuke upesi. Joto likipanda, shinikizo husafiri ndani ya mrija mwembamba wa shaba hadi kwenye dashibodi, na huko bomba lililopinda hujaribu kunyooka likavuta sindano. Bomba hilo ni lile la Mfaransa Eugène Bourdon, aliyelipatia hataza mwaka 1849, nami hulichora ubaoni kila mwaka. Halitaki betri wala waya. Ubaya wake ni kwamba mrija haukatwi wala hauungwi. Ukivunjika, geji imekufa.

Nikakataa. Nilisema nimesikia habari za dereva wa lori huko Isebania aliyepasukiwa na mrija wa geji ndani ya kabini, oili ya moto ikammwagikia miguuni.

"Mwalimu, huo ulikuwa wa oili," fundi akaniambia. "Ule unaleta oili yenyewe mpaka kwa dashibodi. Huu wa maji umezibwa huku na huku. Utamwagikiwa na nini?"

Hoja yake haikuwa na jibu, nami sikujibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaipenda ile ya umeme, yenye taa ya buluu, na habari ya dereva wa lori niliitafuta baadaye ili nipate sababu.

Nikaona pia ujira wa kuifunga nibaki nao. Sensa ya geji ile ina waya mmoja tu. Umeme hurudi kwenye betri kupitia mwili wa sensa yenyewe: nyuzi za skrubu yake zinagusa chuma cha injini, na hapo ndipo arthi ilipo. Mimi nikaogopa maji yasije yakavuja. Nikazizungushia nyuzi zile utepe mweupe wa mafundi wa mabomba, tabaka juu ya tabaka, nikamalizia kwa gundi ya gasketi. Yaani niliichukua njia ya umeme nikaivika koti la mvua. Na sensa za aina hiyo, kadiri maji yanavyopata joto ndivyo ukinzani wake unavyoshuka. Ukiongeza ukinzani pembeni, geji inadhani maji ni baridi. Kanuni ya Ohm naifundisha kidato cha tatu.

Sindano ikakaa 60, haitoki hapo. Themostati ya injini ile haifunguki mpaka maji yapite nyuzi 80, kwa hiyo injini iliyotoka kupanda mlima haiwezi kusoma 60. Nilijua. Nilichosema ni kwamba injini inapumua vizuri siku hizi.

Siku iliyoniumbua tulikuwa na kreti za ngege kwenye barafu. Tulipoanza kupanda kutoka Homa Bay utingo wangu akanusa hewa.

"Mwalimu, kuna harufu tamutamu. Kama sharubati."

"Tazama hapa," nikamwonyesha kwa kidole. "Sitini."

"Na hii ya zamani? Imepita nusu."

"Hiyo ni ya zamani."

Harufu ile ilikuwa ya dawa ya rejeta. Bomba la chini lilikuwa linavuja, na bomba likivuja shinikizo huondoka. Huku kwetu kingo za ziwa ziko mita 1,134 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kama nyuzi 96. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta kinachoshikilia shinikizo. Tulipopita Rodi Kopany gari likaishiwa nguvu, likatoa moshi mweupe, likazima. Samaki walikuwa wa mama mmoja wa Homa Bay aliyeniamini. Nilimpigia simu nikamwambia geji ilikuwa feki.

Neno hilo likaninogea mdomoni. Nililipeleka hadi dukani Migori, nikapaza sauti, wateja wakageuka. Kijana alinitazama, akasema, "Pole sana, Mwalimu," akanipa nyingine.

Siku ya kufungua injini, fundi aliing'oa sensa kwanza. Akaubandua utepe kwa ukucha, ukatoka kama ganda la kitunguu, hakusema kitu. Akabandika sufuria ya maji kwenye jiko la makaa, akaitumbukiza sensa ya ile geji "feki", akaunga waya wake, kisha akaleta waya wa pili kutoka hasi ya betri akaubana kwenye mwili wa sensa. Maji yakachemka, sindano ikapanda taratibu ikatulia karibu na 95. Akaachilia waya wa pili. Maji yanatokota, sindano ikalala chini. Akaubana tena, ikainuka.

"Umeona?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeona. Hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu mbili, kama ilivyosemwa siku zote. Mama wa samaki nilimlipa na nikamweleza ukweli. Akaninunia, kisha akanipa mzigo tena kwa bei ya chini.

Sasa gari lina geji ya mrija kwa maji na ya umeme kwa oili, na nikiulizwa ndivyo ninavyoshauri: shinikizo la oili libaki kwenye waya, oili isiingie kabini, joto la maji lipimwe kwa kitu kisichotegemea arthi ya mtu anayejidai fundi. Ile geji ya pili iko kwenye kabati la maabara, naitumia darasani tukifika kwenye ukinzani. Wanafunzi wanaipenda kwa ile taa ya buluu. Bei yake naijua, na duka nalipita kila ninapokwenda Migori. Bado sijaingia.