Wanawake Walioteswa kwa Imani Yao

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, twawakumbuka Mashahidi wa Uganda. Jina la Karoli Lwanga twalijua tangu shuleni. Wakatoliki 22 walitangazwa kuwa watakatifu mwaka 1964, na ndugu zetu Waanglikana huwakumbuka watu wao 23. Lakini tukizisoma orodha hizo mbili tangu mwanzo hata mwisho, hatuoni jina la mwanamke hata mmoja. Je, wanawake wa Buganda hawakuamini? Au waliamini, wala hawakujaribiwa? La, sivyo.

Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Waingereza, Mako Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walikamatwa, wakateketezwa kwa moto. Pamoja nao alikamatwa mwanamke mmoja, Sara Nalwanga, na mtoto wake mchanga. Huyu aliachwa hai, lakini alikuwa ameonja kifungo kilekile.

Mwaka uliofuata Noe Mawaggali aliuawa kule Mityana. Dada yake Munaku, ambaye alikuwa bado hajabatizwa, hakujificha. Aliwatokea wauaji, akataka afe kama ndugu yake. Hawakumwua, bali walimchukua mateka. Akashurutishwa aiache dini, akakataa, hata mapadre wakamkomboa. Kisha akabatizwa Maria Matilda, akakaa bila kuolewa kwa ajili ya Mungu.

Tena alikuwako binti wa Kabaka Mutesa, Klara Nalumansi, aliyewekwa alinde kaburi la kifalme. Alipobatizwa aliviteketeza vitu vya uganga, akaolewa kwa ndoa ya Kikristo, ijapokuwa desturi ilimkataza binti wa mfalme kuolewa. Naye akauawa.

Twadhani sababu ya kusahauliwa kwao ni hii: vijana walihukumiwa barazani, mbele ya watu wengi, wanawake wengi walijaribiwa majumbani, na ya nyumbani hayaandikwi.

Huko Ulaya nako yalitokea mambo ya namna hii. Katika karne ya 16 walikuwako Wakristo walioitwa Waanabaptisti, yaani wenye kubatiza mara ya pili, kwa kuwa walisema ubatizo ni wa mtu aliyekwisha kuamini mwenyewe. Mwaka 1529 wakuu wa dola ya Ujerumani walikutana mjini Speyer, wakaamuru watu hao wauawe, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1573 mama mmoja, Maeyken Wens, aliteketezwa mjini Antwerp. Kabla ya kutolewa, ulimi wake ulibanwa kwa parafujo ya chuma, asipate kusema na watu. Mwanawe Adriaen, kijana wa miaka 15 hivi, alikwenda kutazama, akazimia. Watu walipokwisha kutawanyika akatafuta majivuni, akaiokota ile parafujo, akaiweka iwe ukumbusho wa mama yake. Wamennonite, waliofika Shirati kando ya ziwa Viktoria mwaka 1934, ni uzao wa imani ile.

Sasa tuulize, ni nani waliomfunga mama yule ulimi? Hawakuwa wapagani, walikuwa Wakristo. Wakatoliki waliwachoma Waanabaptisti. Nao Waprotestanti wa mji wa Zürich waliwatosa mtoni, hali wao wenyewe walikuwa wametoka juzi tu kudai ruhusa ya kuyafuata Maandiko. Na Buganda je? Wakristo walioteswa pamoja mwaka 1886, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walipigana kwa bunduki pale Mengo mwezi wa Januari 1892. Hata miaka 6 ilikuwa haijatimia! Kumbe mtu aweza kupigwa leo, na kesho akashika fimbo ileile.

Basi tujitazame. Hapa Rasbura twakaa mlango kwa mlango, Waislamu na Wakristo, wa kanisa hili na wa kanisa lile. Twaazimana chumvi, twazikana. Hatumwashii mtu moto. Lakini yako mateso yasiyo na moshi. Binti ataka kusali kanisa jingine, baba amnyima ada ya shule. Mke ashika dini ambayo mumewe haipendi, afungiwa mlango usiku. Mjane abadili dhehebu, ukoo wamtenga, hata akiugua hapati wa kumtekea maji. Nasi twasema, “Hayo ni mambo ya nyumbani.”

Labda mtu atajibu, “Je, mzazi hana haki ya kumwongoza mwanawe?” Anayo: amfundishe, amshauri, amwombee, hata amlilie. Lakini imani iliyoingizwa kwa njaa haikai moyoni. Yakaa mdomoni tu, nayo hutoka siku njaa iishapo.

Wazee walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Sisi tunaojisifu kwa damu ya mashahidi yatupasa kuwa wa kwanza kumfungulia mlango mwanamke aliyefungiwa nje kwa ajili ya imani yake, ijapokuwa imani hiyo si yetu.