Picha safi, ubongo mgonjwa

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Mdogo wangu alikuwa hospitalini na homa ya uti wa mgongo. Leo tuziweke programu kando, niwaeleze kosa langu.

Siku ya kwanza alipigwa skani ya CT. Kwangu mimi, skani ile ni jedwali la nambari tu: hewa ni -1000, maji ni 0, mfupa ni mamia na zaidi. Kipimo hicho kina jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo huko London mwaka wa 1971.

Ripoti ilisema hakuna kasoro. Hata hivyo daktari alitaka kumdunga sindano mgongoni atoe maji ya uti. Mama akanigeukia: "Wewe ndiye umesoma, mwanangu. Waonaje?"

Nikajibu bila kusita: "Picha ni safi, Mama. Sindano ya nini tena?"

Tukakataa. Siku nzima ikapotea.

Kumbe mwanzoni ugonjwa huu unaweza kukaa kwenye utando wa ubongo na CT isiuone! Jibu liko kwenye yale maji. Picha hutafuta hasa madhara: uvimbe, usaha, sehemu zilizokosa damu, njia za maji zilizoziba. Nami kila siku nawaambia hapa kwamba programu kupita jaribio si kusema haina hitilafu.

Kesho yake tulikubali. Maji yakaonyesha kifua kikuu, dawa zikaanza. Juma la pili akawa mgumu kuamka. Skani mpya ikaonyesha vile vyumba vya maji ndani ya ubongo, vinavyotokea vyeusi pichani, vimefura kwa sababu maji hayakuwa na pa kutokea. Akawekewa mrija wa kuyapeleka tumboni.

Sasa yuko nyumbani. Anatembea akishika ukuta, na mkono wa kushoto bado ni mlegevu. Kama ile siku moja ingebadilisha kitu, sijui. Mama hajanilaumu, nami sijathubutu kumwuliza.

Basi ndugu zangu, mgonjwa wenu akiwa na homa, kichwa kikali na shingo iliyokakamaa, mkimbizeni hospitalini. Daktari akitaka maji, msikatae kwa sababu ya picha.

Tukutane juma lijalo.