Stima ikirudi, nani atafungua diski?



Mvua ya Kericho ni ya alasiri, na ikija, stima huenda zake. Siku hiyo nilikuwa Bomet. Seva niliyokiwekea kikundi kimoja cha wakulima karibu na Litein ikazima. Stima iliporudi, karani akanipigia simu.

"Fundi, mashine inadai neno la siri."

"Mama, uko na watu hapo?"

"Wamejaa, na lori la kiwanda limefika."

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefunga diski nzima kwa LUKS, maana ndani mna kilo za kila mkulima, nambari za vitambulisho na akaunti za benki. Mwizi akibeba mashine asiambulie kitu. Lakini nilivyoifunga, Linux ilisimama kungoja neno la siri kabla mtandao haujawaka, kwa hivyo SSH haikuingia. Nikamtajia neno hilo kwa simu, herufi kwa herufi, naye akawa analirudia kwa sauti mbele ya foleni nzima!

Jumapili nikapanda matatu hadi Litein, nikabadilisha mpango. Sasa mfumo wenyewe hauna kufuli, huwaka peke yake. Data iko kwenye diski ya pili iliyofungwa, na katika /etc/crypttab na /etc/fstab nimeandika noauto ili isisubiriwe. Stima ikirudi naingia kwa SSH, naandika mistari miwili:

sudo cryptsetup open /dev/sdb1 majani
sudo mount /dev/mapper/majani /srv/majani

Tena, LUKS2 ina nafasi 32 za funguo. LUKS ya kwanza ilikuwa na 8. Karani ana neno lake, mimi langu. Akiacha kazi, nafuta lake kwa luksKillSlot, data haiguswi. Nakala ya kichwa cha diski nimeitoa kwa luksHeaderBackup na kuiweka mbali, kwa sababu kichwa kikiharibika hata neno sahihi halifungui kitu.

Mpango huu una tundu: mjanja akiuchezea mfumo usio na kufuli anaweza kutega neno la siri. Mimi nilimwogopa zaidi mwizi wa kubeba mashine.

Wewe je? Kabla hujafunga diski yako, jiulize nani ataifungua stima ikirudi nawe uko mbali.